Jiko la kubeba: Lipi lifaalo nyumbani na wakati wa dharura?

FUJO zilizofuata uchaguzi mkuu wa Desemba 2007 zilipoufikia mji wa Nakuru na kisha Naivasha, katika siku za mwisho za Januari 2008, maelfu ya wakazi waliyahama makao yao kwa muda wa saa chache. Wengi walipiga kambi katika uwanja wa maonyesho ya kilimo wa Nakuru. Aliyeondoka nyumbani wakati huo alichukua kile ambacho mkono ungeweza kubeba: godoro, blanketi, mtoto, sufuria moja au mbili. Jiko aghalabu lilisahaulika, kwa kuwa mtu akimbiaye moto hafikirii kubeba moto mwingine.

Chakula cha msaada kilipowasili kilikuwa kile ambacho Wakenya wamekizoea katika kila janga: mahindi, maharagwe na mafuta ya kupikia. Ni chakula kizuri, kinachohifadhika na chenye lishe. Ila maharagwe makavu hayaliwi yakiwa hivyo. Yanahitaji moto wa saa mbili au tatu, na mahindi yasiyosagwa huhitaji zaidi. Hivyo basi mtu aliyepoteza kila kitu hupewa kile chakula ambacho, miongoni mwa vyakula vyote vya nchi hii, ndicho kinachokula kuni nyingi zaidi.

Jambo hilo ndilo linalopaswa kumwongoza anayetaka kununua jiko la kubeba. Wauzaji wengi humwonyesha mnunuzi jinsi jiko linavyochemsha chai kwa dakika chache. Chai si kipimo. Jiko huchaguliwa kwa kuitazama sufuria itakayokaa juu yake siku iliyo mbaya kuliko zote, na katika eneo la kati la Bonde la Ufa sufuria hiyo ni ya maharagwe au githeri.

Dharura zenyewe hazikukoma 2008. Bwawa la Patel lilipasuka huko Solai usiku wa Mei 9, 2018 na kuua zaidi ya watu 40. Mnamo 2020 maziwa ya Baringo, Nakuru na Naivasha yalifura na kuwafukuza watu majumbani, wakiwemo wakazi wa mtaa wa Kihoto mjini Naivasha. Aprili 29, 2024, maji yaliyokuwa yamezuiliwa nyuma ya tuta la reli yalipata njia na kuvifagia vijiji karibu na Mai Mahiu. Aidha kuna dharura ndogo zisizotangazwa redioni: gesi kuisha Jumapili jioni wageni wakiwa sebuleni, au mvua ya Aprili kulowesha kuni zote za wiki.

Kabla ya kulinganisha majiko yenyewe, yafaa tueleze jambo moja kuhusu mahali tunapoishi. Nakuru iko takribani mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na Molo hukaribia mita 2,500. Kadiri mtu anavyopanda juu ndivyo hewa inavyopungua uzito, na maji huchemka yakiwa na joto dogo zaidi. Maji yanayochemka Mombasa yana nyuzi 100 za Selsiasi. Ya Nakuru huchemka yakiwa na nyuzi 94 hivi, na ya Molo nyuzi 92. Ndiyo sababu mgeni kutoka Pwani hushangaa kuona maharagwe yake yangali magumu baada ya muda aliouzoea kwao.

Wapishi wengi hujibu tatizo hilo kwa kuongeza moto. Hapo wanakosea. Maji yakishachemka katika sufuria ya kawaida, moto mkali hauyaongezei joto hata kidogo. Huyageuza mvuke upesi zaidi, basi. Maharagwe hayahitaji moto mkubwa bali moto mdogo usiozimika. Kwa hiyo swali la kwanza la kumwuliza muuzaji si jiko lake linawaka kwa ukali gani, bali linaweza kupunguzwa kiasi gani bila kuzimika. Mwenye uwezo wa kununua sufuria ya presha atakuwa amelipunguza tatizo hili kwa kiasi kikubwa, maana mvuke uliofungiwa ndani huongeza joto la maji kupita nyuzi 100, iwe Nakuru au Mau Summit.

Jiko la makaa

Jiko la chuma la makaa, lile la mabati matupu, inasimuliwa kwamba lilikuja na vibarua wa Kihindi waliojenga reli ya Uganda, ambayo ilifika Nakuru mwaka wa 1900. Kwa miaka themanini hivi halikubadilika sana. Ni jepesi, ni rahisi, na fundi yeyote wa jua kali huliunda kwa vipande vya mapipa. Lakini joto lake jingi hupotelea ubavuni: mwenye kupika huchomeka miguu ilhali sufuria inasubiri.

Mapema katika muongo wa 1980, wataalamu wa Kenya wakishirikiana na mafundi wa jua kali walichukua wazo la jiko la ndoo la Thailand na kulibadili likawa jiko tunalolijua leo, lenye kiuno chembamba, ganda la bati nje na udongo uliochomwa ndani. Udongo huo hulizuia joto lisitoroke. Jiko hilo hupunguza makaa kwa kiasi cha kati ya asilimia 20 na 50 likilinganishwa na lile la bati, kutegemea mpishi na hali ya jiko lenyewe. Kutoka Kenya ufundi huo ulisambaa hadi nchi nyingine nyingi za Afrika, na kwa hakika ni mojawapo ya vitu vichache vya jikoni ambavyo nchi hii inaweza kujivunia mbele ya majirani.

Tatizo ni kwamba jina la jiko hilo halimilikiwi na mtu. Kila fundi huliunda apendavyo, na sokoni mema na mabovu hupangwa safu moja yakiwa na rangi ileile. Mnunuzi asitazame rangi. Aligeuze jiko, autazame udongo wa ndani kwenye mwanga wa jua, atafute nyufa. Aupige kwa ukucha au kwa sarafu: udongo mzima hulia, uliopasuka hutoa sauti iliyokufa. Atikise jiko, kama udongo unacheza ndani ya bati, saruji iliyoushikilia ni kidogo na haitamaliza msimu. Mlango wa jivu ufunguke na kufungika bila kulazimishwa, kwa sababu mlango huo ndio usukani wa jiko. Ukiwa wazi, hewa huingia na moto hupanda. Ukifungwa karibu wote, makaa hulala na maharagwe huendelea kutokota polepole, na ndivyo tunavyotaka. Miguu iwe mitatu au minne iliyokanyaga sawasawa, na vishikilio vya sufuria viwe vya chuma kinene, maana hapo ndipo ugali utakaposongwa.

Jiko jipya lisiwashwe kwa moto mkali siku ya kwanza. Liwekewe makaa machache, lipate joto pole pole, kisha lipoe lenyewe. Na kamwe makaa yasizimwe kwa kumwagiwa maji yakiwa ndani ya jiko. Udongo uliopata moto ukikutana na maji baridi hupasuka, na majiko mengi yanayolaumiwa kuwa mabovu yaliuawa na kikombe cha maji. Makaa yaliyobaki yaondolewe kwa koleo na kuzimwa ndani ya mkebe wenye mfuniko; kesho yatawaka tena. Udongo ukichoka, fundi anaweza kuutoa na kutia mwingine huku ganda la bati likiendelea na kazi.

Siku hizi yapo pia majiko ya makaa ya kiwandani, mathalani Jikokoa, ambayo chumba chake cha moto ni cha chuma na si cha udongo. Haya hutumia makaa machache zaidi na hayapasuki yakianguka, sifa kubwa kwa jiko litakalosafirishwa kwenye buti la matatu. Bei yake ni kubwa mara kadhaa ya jiko la udongo, na kabla ya kulipa fedha hizo mnunuzi apeleke sufuria yake kubwa dukani aipime juu ya jiko. Familia ya watu wanane haitasaidiwa na jiko linalotosha sufuria ya watu wanne.

Kuhusu makaa yenyewe, wenyeji wa Gilgil na Naivasha wanaujua ubora wa makaa ya leleshwa, na kutoka Marigat na maeneo mengine ya Baringo huja makaa ya mathenge, mti vamizi ambao kuukata ni kheri kuliko kuuacha. Makaa mazito hukaa motoni muda mrefu. Mepesi, kama ya miti laini, huwaka haraka na kuisha haraka. Lakini mwenye jiko la makaa akumbuke Februari 2018, serikali ilipositisha ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii. Bei ya gunia ilipanda ghafla, na walioitegemea bidhaa hiyo pekee hawakuwa na pa kukimbilia. Nakuru ilikuwa na jibu lake la kipekee: Nawasscoal, kampuni tanzu ya kampuni ya maji na majitaka ya mji huo, ilitengeneza vidonge vya makaa kutokana na kinyesi kilichokaushwa na kuchomwa pamoja na vumbi la mbao. Wako waliokunja pua waliposikia. Kinyesi kikishapita katika joto la tanuri hakibaki kinyesi tena, na vidonge hivyo, kama vingine vya vumbi la makaa, huwaka taratibu bila kurusha cheche. Kwa maharagwe ni vizuri mno. Kwa chai ya haraka vitakuchelewesha.

Gesi

Kwa matumizi ya kila siku mjini, mtungi wa gesi wa kilo 6 wenye kichomeo juu yake, uitwao meko na wengi, hauna mpinzani wa kweli. Huwaka papo hapo, hupunguzwa kwa kidole, hauna moshi wala masizi. Ukijaa, uzito wake wote ni kati ya kilo 12 na 15 hivi, mzigo ambao mtu mzima anaweza kuubeba hadi barabarani. Gesi ya kilo 6 hutoa moto mkali kwa muda wa saa 30 hadi 40. Ukipika maharagwe kila siku kwa saa tatu, hizo ni takribani wiki mbili. Ukiyaloweka usiku kucha kwanza, ni zaidi ya hapo.

Udhaifu wake wa kwanza ni umbo. Mtungi ni mrefu na mwembamba, na sufuria nzito juu yake huuinua uzito. Kusonga ugali wa watu sita juu ya meko huhitaji mtu wa pili wa kushikilia, na watoto wanaocheza karibu huweza kuuangusha. Uwekwe chini, mahali tambarare, si mezani wala juu ya kreti ya soda. Udhaifu wa pili ni upepo. Kuanzia Januari hadi Machi, upepo wa alasiri wenye vumbi huweza kuuzima moto mdogo bila mpishi kujua, na gesi ikaendelea kutoka. Kipande cha bati kilichosimamishwa upande unaotoka upepo hutosha. Lakini mtungi usizungushiwe bati pande zote, kwa sababu joto litarudi kwenye mtungi wenyewe.

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi darini. Hushuka, huenea sakafuni na kusubiri cheche. Harufu ile mbaya tunayoisikia si ya gesi yenyewe, imetiwa makusudi ili tuonywe. Ukiisikia, funga vali, fungua mlango na madirisha, na usiguse swichi ya taa, iwe kuwasha au kuzima. Kila unapobadilisha mtungi, paka povu la sabuni kwenye kiungo. Povu likifura, pana uvujaji, na mara nyingi kosa huwa ni kile kipete kidogo cha mpira kilichochakaa.

Ununuzi nao una mambo yake. Zamani kila kampuni ilikuwa na vali yake, na mwenye mtungi wa kampuni moja hakuweza kuujaza kwingine. Kanuni za 2009 zililazimisha vali ya aina moja na mfumo wa kubadilishana mitungi. Kanuni za 2019 ziliondoa ulazima wa kubadilishana, kwa sababu mitungi mingi ilikuwa inajazwa kwa njia haramu na watu wasio na leseni. Hatari ya biashara hiyo ilionekana wazi usiku wa Februari 1, 2024 katika mtaa wa Embakasi, Nairobi, ambapo mlipuko katika kituo cha kujazia gesi kisichokuwa na kibali uliua watu na kujeruhi mamia. Kwa hiyo mnunuzi wa Kaptembwo au Njoro aukague muhuri wa vali, kisha adai mtungi upimwe kwenye mizani mbele yake. Uzito wa mtungi mtupu umepigwa chapa juu ya chuma. Ongeza 6 juu ya tarakimu hiyo. Mizani ikionyesha pungufu, umeuziwa hewa.

Bei ya gesi hufuata siasa za kodi. Kodi ya ongezeko la thamani iliondolewa 2016, ikarudishwa kwa asilimia 16 Julai 2021, ikapunguzwa hadi asilimia 8 mwaka uliofuata, kisha ikaondolewa tena 2023. Familia nyingi zilizokuwa zimeacha makaa ziliyarudia katika kipindi hicho, na hakuna wa kuzilaumu.

Kuna pia jiko dogo la gesi la sandukuni, litumialo kopo la gramu 220 hivi linaloonekana kama la dawa ya mbu. Linauzwa katika maduka makubwa kama jiko la matembezi. Kwa safari ya Hell's Gate au kwa mayai ya asubuhi ni zuri. Kwa dharura halifai. Kopo moja halifikishi saa mbili za moto mkali, yaani huisha kabla maharagwe hayajaiva. Isitoshe, gesi ya biuteni iliyomo hudhoofika kwenye baridi, na alfajiri ya Julai huko Molo au Ol Kalou mwenye jiko hilo atalitazama likififia.

Mafuta ya taa, umeme na kuni

Jiko la mafuta ya taa, yaani stovu, lilikuwa mkombozi wa wapangaji wa chumba kimoja kwa miaka mingi. Tangu Septemba 2018, serikali ilipoweka ushuru wa Sh18 kwa kila lita ili kukomesha uchanganyaji wa mafuta ya taa na dizeli, faida yake kubwa ya bei imepotea. Lina moshi unaochoma macho, na mafuta yaliyochanganywa na petroli hulipuka. Mwenye nalo asilitupe. Ila asinunue jipya.

Umeme tuupite haraka. Kaunti ya Nakuru ndiyo yenye visima vya mvuke vya Olkaria vinavyoangaza nchi, lakini usiku wa Agosti 25, 2023, taifa karibu zima lilipoingia gizani, koili ya Naivasha ilikuwa baridi sawa na ya Mombasa. Jiko la umeme haliwezi kuwa jiko la dharura.

Kuni zina haki ya kutajwa, hasa vijijini. Jiko la kubeba la kuni lenye chumba cha udongo hutumia kuni chache kuliko mafiga matatu na huelekeza moto chini ya sufuria. Katika miji ya mbao kama Elburgon na Molo pana jiko jingine ambalo wataalamu hulisahau: jiko la vumbi la mbao. Mkebe mkubwa wa rangi hutobolewa tundu ubavuni karibu na kitako. Kijiti kinene hupitishwa katika tundu hilo hadi katikati, na chupa husimamishwa juu ya ncha yake. Vumbi kavu hushindiliwa pembeni kwa nguvu, kisha chupa na kijiti huondolewa polepole na kuacha njia ya hewa. Moto huwashwa kwa kijinga kidogo kupitia tundu la chini, na vumbi huungua kutoka ndani kwenda nje kwa saa nyingi bila kuguswa. Kwa githeri hakuna moto wa bei nafuu kuliko huo. Hata hivyo lina moshi, halifai ndani ya nyumba, na likishawashwa halihamishiki, kwa sababu vumbi hubomoka.

Hewa isiyonusika

Tumeliacha jambo zito zaidi hadi hapa kwa sababu linayahusu majiko yote, hasa la makaa. Kila mwaka wa baridi nchini huleta habari za familia iliyoingiza jiko la makaa chumbani ili kupata joto, ikafunga mlango, ikalala, na haikuamka. Nyanda za juu za Molo, Kuresoi, Njoro na Kinangop zina baridi ya kumfanya mtu yeyote atamani kufanya hivyo. Katika hema au chumba cha kuazima, wakati wa dharura, tamaa hiyo huwa kubwa zaidi.

Kinachoua ni gesi ya kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Huingia damuni na kushika nafasi ya oksijeni. Mtu huanza kwa kuumwa na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu, kisha usingizi humchukua, na wengi hudhani ni mafua au njaa. Hapa pana imani moja potofu ambayo lazima ikanushwe: ya kwamba makaa yakishawaka vizuri, moshi ukaisha na jivu jeupe likayafunika, jiko ni salama kuingizwa ndani. Moshi na gesi hii ni vitu viwili tofauti. Makaa mekundu yasiyo na moshi hata chembe bado yanaitoa. Sufuria ya maji iliyowekwa juu ya jiko haiizuii. Vidonge vya vumbi huitoa. Jiko la gesi pia huitoa likikosa hewa ya kutosha, na moto wake ukigeuka wa manjano badala ya samawati hiyo ni dalili ya kuchunguzwa.

Mwenye kupika kwa makaa apike nje, au katika jiko lenye mlango na dirisha vilivyo wazi, na jiko lilale nje pamoja na makaa yake. Katika kambi, moto uwe hatua kadhaa kutoka kwenye turubai, upande ambao upepo hautapeleka cheche hemani. Mtu akikutwa amelegea chumbani palipo na jiko, atolewe kwenye hewa safi kwanza, kabla ya kuulizwa lolote, kisha apelekwe hospitalini hata akisema amepata nafuu.

Uamuzi

Baada ya kuyapima hayo yote, maoni ya mwandishi ni kwamba nyumba ya Nakuru isiwe na jiko moja bora bali iwe na mawili ya kawaida yasiyotumia nishati ya aina moja: mtungi wa gesi wa kilo 6 kwa kazi ya kila siku, na jiko la makaa la udongo lililokaguliwa vizuri, pamoja na akiba ya makaa. Siku gesi inapoisha au bei inapopaa, makaa yapo. Siku makaa yanapoadimika, gesi ipo. Mwenye fedha za jiko moja pekee, na anayeishi mahali penye hatari ya kuhama, achukue la makaa: likiisha makaa litakubali vijiti, magunzi ya mahindi na vibanzi, kwa shida na kwa moshi, ilhali mtungi mtupu haukubali chochote. Kwa sababu iyo hiyo, ajihadhari na jiko linalotumia mafuta ya kampuni moja tu kutoka kwa mashine za kampuni hiyo. Likikosa mafuta hayo, limebaki bati.

Kitu cha tatu hakigharimu karibu chochote, nacho ni kikapu cha kuhifadhi joto, ambacho maafisa wa kilimo wamekuwa wakiwafundisha akina mama kukitengeneza kwa miaka mingi. Ni kikapu kikubwa kilichotandikwa blanketi kuukuu au nguo zilizojazwa matambara, pamoja na mto wa kufunika juu. Maharagwe yaliyolowekwa usiku kucha huchemshwa kwa nguvu nusu saa au zaidi kidogo, sufuria ikiwa imefunikwa, kisha huingizwa kikapuni yakiwa bado yanatokota na kuachwa saa nne bila kufunuliwa. Huiva yenyewe. Molo, ambako maji huchemka mapema, yaongezewe muda wa moto na yarudishwe jikoni kidogo kabla ya kuliwa. Kwa njia hii mtungi wa wiki mbili huweza kukaribia mwezi.

Akiba yenyewe ipangwe kabla ya mvua. Makaa ya siku tatu au nne yawekwe katika ndoo ya plastiki yenye mfuniko, si guniani, kwani makaa yaliyonyonya maji ya mafuriko hayawaki hadi yaanikwe. Kiberiti kiwe ndani ya chupa iliyofungwa, pamoja na kipande cha mshumaa. Sufuria moja ya ukubwa wa wastani, mfuniko wake na mwiko vikae ndani ya ndoo nyingine, ili atakayetoka usiku achukue mishikio miwili na si vitu kumi. Atakayeondoka akiuacha mtungi wa gesi nyuma aufunge kwanza na kuondoa kichomeo, maana mtungi huelea majini, na uliofunguka huvuja popote utakapofikishwa na maji. Na jiko la udongo lililolowa likaushwe kivulini siku mbili au tatu, kisha liwashwe kwa makaa machache, kama siku lilipotoka kwa fundi.